Redio ya London kwenye cherehani ya Temeke: je, NTS inastahili bando lako?

Nianze na jibu. Kama unapenda muziki wa elektroniki usiosikika kwenye redio za kawaida, na bando lako linaruhusu, NTS ni redio bora kuliko zote ninazozijua. Kama unataka redio ya kukuambia umeme unarudi saa ngapi na nani kafiwa mtaa wa pili, hapo hutapata kitu. Naandika kwa urefu kwa sababu wateja wananiuliza dukani hii redio isiyo na matangazo ya biashara ni ya wapi, na nikisema ya London wanadhani ni BBC.

Mimi ni fundi cherehani, Temeke. Kazi yangu kubwa ni sare za shule: sketi za marinda, mashati meupe, kaptura za wavulana. Kuanzia Desemba mpaka shule zifunguliwe Januari nakesha, na mtu anayekesha na cherehani anahitaji sauti ya kumweka macho. Muziki niliokulia ni singeli, ule wa kasi wa uswahilini Dar, na kabla ya singeli ni mchiriku wa kaka zetu na vinanda vyao vya Casio. Nimecheza vigodoro, sherehe zetu za mtaani za usiku, Temeke na Mbagala mpaka kunakucha, spika zimebebana juu kwa juu, MC ameshika kipaza sauti anawataja kwa majina waliomtunza. Kwa hiyo muziki wa kasi sikuufahamia kwenye intaneti. Nilikuwa nao tayari. Nilichokuwa nakitafuta ni ndugu zake walioko kwingine.

NTS ilianza Aprili 2011, London mashariki, kwenye chumba kidogo pale Gillett Square, Dalston. Aliyeianzisha ni Femi Adeyemi. Ni redio ya mtandaoni: unaifungua kwenye tovuti yao au kwenye programu ya simu, bila kulipa. Ina chaneli mbili za moja kwa moja zinazokwenda sambamba, ya kwanza na ya pili, na ukichoka na hii unahamia ile. Zaidi ya London, wamekuwa na studio Manchester, Los Angeles na Shanghai. Faida yake kwa mtu wa Dar ni kwamba usiku wetu wa manane ni mchana wa Los Angeles, kwa hiyo saa nane ya usiku, mtaa mzima umelala, unaweza kukuta mtu yuko studio moja kwa moja anachagua nyimbo, na wewe unakata kitambaa. Kipindi cha asubuhi cha London kinanifikia karibu na muda wa chakula cha mchana, nacho nakipenda, ni laini, kinaanza na vitu vya taratibu kabla ya kupandisha.

Mtangazaji anapewa saa moja au mbili, wengine kila wiki, wengine mara moja kwa mwezi, na ndani ya muda huo anapiga anachokiamini. Hakuna mtu wa kumwambia wimbo huu ni mrefu mno au huu hauna kiitikio. Matangazo ya biashara hayakatizi muziki. Kaulimbiu yao inamtaka mtu asijidai anajua kabla hajasikia, na ratiba inakulazimisha uifuate kweli: unaweza kutoka kwenye saa ya jazi ya Ethiopia ya miaka ya 1970 ukaingia kwenye saa ya mvumo mtupu usio na ngoma hata moja, halafu ukaangukia kwenye jungle, muziki wa London wa ngoma za kasi zilizokatwakatwa. Zipo saa ambazo sizielewi kabisa. Siku hizi nazivumilia kwa dakika kumi kabla ya kuhama, na mara nyingine dakika hizo kumi zimenizalia msanii mpya.

Ukitaka kuelewa kwa nini redio ya namna hii imetokea Hackney, eneo ambalo Dalston imo, lazima ujue habari za redio zisizo na leseni. Miaka ya 1980 na 1990 vijana wa London walipandisha antena juu ya maghorofa ya halmashauri wakarusha muziki ambao redio zenye vibali hazikuugusa. Maofisa wakija kung'oa mitambo, antena nyingine inapandishwa ghorofa jingine. Kool FM ilianza 1991 huko huko Hackney ikawa nyumbani kwa jungle. Rinse FM ilianza 1994, ikalea grime na dubstep, mitindo mingine ya London, kwa miaka, na leseni ikaipata 2010. NTS haikuhitaji kupanda juu ya ghorofa kwa sababu ilipoanza intaneti ilikuwa imeshafika majumbani, lakini tabia ni ile ile ya kumpa kipaza sauti mtu anayeujua muziki wake, hata kama sauti yake si ya redio na anakohoa katikati ya sentensi.

Jungle ndiyo iliyonishika kwanza. Kasi yake ni mapigo 160 hadi 170 hivi kwa dakika, na kwa sikio la singeli hiyo ni mwendo wa kutembea, maana sisi tunaanzia 200 na kuna vitu vinagusa 300. Lakini sikiliza vilivyojengwa. Jungle imekata vipande vya ngoma kutoka kwenye rekodi za zamani za funk za Marekani, ikavipandisha kasi, ikavipanga upya mpaka mpigaji wa awali asingeweza kuvipiga kwa mikono yake. Singeli imechukua vipande vya vinanda na fidla za taarabu, ikavipandisha kasi mpaka vikawa vyembamba na vikali. Juu ya kila moja kuna MC. Wa London ana urithi wa Jamaika, wa mifumo ya spika ya mitaani. Wa kwetu ana urithi wa mchiriku na ngoma za uswahilini. Wote wawili wanachana bila kupumua, wote wanataja mtaa wao, wote wanamsalimia DJ kwa jina. Hakuna aliyempigia mwenzake simu. Nilipolisikia hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa napinda mikono ya mashati, nikajikuta mguu unakanyaga pedali kwa kasi isiyofaa kwa mshono ule.

Halafu ikafika Januari moja ya kukesha. Napiga pasi marinda, chaneli ya pili iko hewani, nyimbo zinabadilika, mara nasikia fidla ya taarabu imechanika kwa kasi na chini yake ngoma ninayoijua kabisa. Kijana anayenisaidia kutia vifungo akainua kichwa. "Dada, hii si ya huku huku?" Ilikuwa ya huku huku. Mtangazaji hakuitolea maelezo marefu, hakusema sasa tunakwenda Afrika, hakuomba radhi kwa kasi. Aliipiga katikati ya nyimbo za watu wa Ulaya na Japani kana kwamba ndipo mahali pake, na kwa masikio yangu ndipo mahali pake kweli. Nilipofungua orodha ya nyimbo za kipindi kile, jina lilikuwepo limeandikwa sawasawa: Sisso.

Hapa ndipo ninaposimama kidogo, kwa sababu kwangu hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ambavyo redio hii inafanya. Vipindi vinahifadhiwa, unaweza kuvirudia hata miaka baadaye, na vingi vinakwenda na orodha ya kila kilichopigwa: msanii, wimbo. Mtu wa London anaweza asione uzito wake. Sisi tuliokua tukirushiwa nyimbo kibandani tunauona. Unampa kijana memori kadi yako na shilingi zako, anakujazia nyimbo mia, unarudi nyumbani unakuta majina ya faili ni namba tupu, au limeandikwa "singeli kali mpya" na tarehe. Wimbo unaupenda mwaka mzima, unauomba kwenye kigodoro kwa kuuimba mdomoni, na aliyeutengeneza humjui. MC utamjua kwa sababu anajitaja. Prodyuza, yule aliyekaa chumba chenye joto na kompyuta ya mezani akiunganisha vipande usiku kucha, mara nyingi anapotea. Ndiyo maana kuliona jina la fundi wa Mburahati kwenye orodha, mstari mmoja na watu ambao dunia inawalipia viingilio, kulinigusa. Na mimi ni fundi. Najua maana ya kazi yako kuvaliwa na mtu asiyejua nani kaishona.

Kwa asiyefahamu: Sisso Studios iko Mburahati, Dar es Salaam, na wamepita hapo watu kama Bamba Pana, Jay Mitta na MC Makaveli. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi zao, Sounds of Sisso, na baada ya hapo singeli ikaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Watu hao hao wa Kampala ndio wenye tamasha la Nyege Nyege lililoanzia Jinja mwaka 2015, na wamekuwa na vipindi vyao NTS. Kwa hiyo njia ya singeli kwenda London ilipita Uganda. Nyumbani nako haki itolewe: kabla Ulaya haijasikia lolote, Msaga Sumu alikuwa ameshaitwa mfalme, na EFM 93.7 ilikuwa ikiipiga singeli wakati redio nyingine zikiiona muziki wa wahuni.

Tukirudi kwenye huduma yenyewe. Mbali na chaneli mbili za moja kwa moja kuna kitu wanakiita Infinite Mixtapes, mikondo isiyokatika inayochota nyimbo kutoka kwenye vipindi vyao vya nyuma, kila mkondo na hali yake. Hakuna mtangazaji, hakuna mwanzo wala mwisho. Nimeigawa kwa kazi. Slow Focus ni ya marinda, kwa sababu marinda hayataki haraka: unapima, unakunja, unabana pini, unapiga pasi, na muziki ule wa mawimbi haukusukumi. 4 To The Floor ni ya mishono mirefu iliyonyooka, mapaja ya suruali na pindo za mashuka; ile ngoma ya moja-mbili-tatu-nne ya house na tekno inakwenda sawa na mguu. Humo ndimo nilimojifunza kusikia tofauti kati ya house ya Chicago, iliyokulia mikononi mwa Frankie Knuckles kwenye klabu ya Warehouse, na tekno ya Detroit ya kina Juan Atkins, ambayo ni kavu zaidi na ina kitu cha kiwandani. Sweat ni ya sherehe, muziki wa kucheza kutoka kila pembe ya dunia, na huo siuweki nikiwa na mkasi mkononi. Poolside ni ya wateja. Mama akija na mtoto kupimwa urefu hataki kusikia tekno, anataka kuongea bei.

Mikondo hii ina upungufu mmoja wa asili: haina mtu. Ukisikiliza kwa muda mrefu unaanza kumkosa yule mtangazaji wa saa nane usiku anayevuta pumzi, anasema jina la wimbo, anasema aliununua wapi. Kwa mgeni napendekeza aanzie huko kwa urahisi wake, halafu asikae sana. Ahamie kwenye vipindi vya watu.

Bando sasa, maana hapa ndipo wengi mtakapoamua. Redio ya FM ni bure milele, betri tu. Redio ya mtandaoni unailipia kila sekunde. Mkondo wa sauti wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula takriban MB 58 kwa saa. Siku ya kazi ya saa nane ni karibu MB 460, na wiki ya siku sita ni GB 2.8 hivi. Mkondo wenye sauti nzito zaidi unakula zaidi ya hapo. Kwa mtu anayetegemea bando la siku hiyo ni hela ya chakula, na sitamwambia mtu aache kula asikilize redio. Mimi nanunua bando la usiku, ambalo ni la bei nafuu na ndilo linaloendana na kazi yangu, na mchana nasikiliza kwa kubana, kipindi kimoja nilichokichagua badala ya kuiacha ikilia yenyewe. Ukiwa na ndugu mwenye Wi-Fi, fanya usikilizaji wako huko. Mvua ikinyesha Temeke mtandao unayumba, na matangazo ya moja kwa moja yanakatika katika. Hapo rudia kipindi cha nyuma, utapata utulivu zaidi.

Jambo jingine dogo: muziki mwingi wa NTS, dub na dubstep hasa, nusu ya wimbo iko kwenye besi. Spika ya simu haiitoi besi hiyo hata kidogo. Utasikia mtu anagonga kijiko na utashangaa watu wanapenda nini. Weka earphone, hata za bei ya chini, au unganisha na spika ya dukani kabla hujatoa hukumu.

Shangazi yangu anaishi Pangani. Alipokuja Dar kwa matibabu alikuwa akishinda nami dukani, amekaa kwenye kiti cha wateja, mguu ameunyoosha. Kwao redio ni Pangani FM, redio ya jamii: habari za wavuvi, za mashamba, vikao vya kijiji, matangazo ya vifo. Alisikiliza NTS yangu tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kulalamika, na ilipofika adhuhuri akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hawa misiba yao wanaitangaza saa ngapi?"

Nikamwambia, "Hawatangazi misiba, shangazi. Ni muziki tu."

"Basi hiyo santuri," akasema, "si redio."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kwa sababu shangazi anajua anachokisema. Redio ya jamii kwa maana yake ya huku ni chombo ambacho kinakuhusu wewe uliye ndani ya masafa yake. Redio ya Orkonerei kule Terrat, Simanjiro, ilianzishwa ili wafugaji wa Kimaasai wazungumze mambo ya ardhi, mifugo na maji kwa lugha yao. Koch FM ya Korogocho, Nairobi, ilianzishwa na vijana wa mtaa mwaka 2006 wakarushia matangazo kutoka kwenye kontena, na masafa yao hayaendi mbali kwa sababu hayakutakiwa kwenda mbali. Msikilizaji akiwa na jambo anatembea kwa miguu mpaka studio. Hicho NTS haiwezi kunifanyia mimi. Nikipata msiba, chaneli ya pili itaendelea na jungle.

Lakini kuna jamii nyingine ambayo shangazi hakuiona, nami sikuweza kumwonyesha kwa siku ile moja. Ni ya watu waliotawanyika, kila mmoja mtaani kwake peke yake, wanaopenda kitu ambacho majirani zao hawakipendi. Temeke nzima najua watu wachache sana ninaoweza kuzungumza nao kuhusu tekno ya Detroit. Mmoja ni fundi simu wa Tandika, mwingine ni kijana wa bodaboda ambaye alisikia dukani kwangu akarudi kuuliza. Tunatumiana viungo vya vipindi, tunabishana nani kapiga vizuri zaidi, na yule wa bodaboda ameanza kutengeneza biti kwenye kompyuta ya kaka yake, singeli yenye pumzi ya jungle ndani. Redio ya London ndiyo iliyotukutanisha sisi watatu tunaoishi umbali wa daladala moja. Kama hiyo si kazi ya redio ya jamii, basi angalau ni binamu yake.

Lugha ni Kiingereza karibu muda wote, na wapo watangazaji wenye lafudhi nzito ya kwao ambao hata aliyesoma anawakosa. Kwa bahati wengi huongea kidogo. Na nitasema wazi kwamba singeli kule bado ni mgeni. Inakaribishwa vizuri, inapewa kiti, ila mwenye nyumba ni mwingine. Wanaoileta mara nyingi ni DJ wa Ulaya au wenzetu wa Kampala. Ningependa siku moja nisikie saa nzima kutoka Manzese au Mburahati, MC anaongea Kiswahili cha mtaani bila mkalimani, na dunia ifuate kama sisi tulivyoifuata ya kwao.

Au tuwe na yetu. Accra wanayo: Oroko Radio ilianza mwaka 2022, ya mtandaoni, inarusha watu wa Ghana na Waafrika walioko nje kwa mpango unaofanana na huu. Dar ina muziki wa kutosha kujaza saa 24 bila kurudia wimbo, kuanzia mchiriku wa kaseti mpaka vitu vilivyotoka wiki hii. Ugumu uko kwenye gharama na vibali. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliitaka redio ya mtandaoni hapa nchini iwe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo hao vijana wangu wawili lazima waulize kwanza kabla ya kuchomeka kipaza sauti kwenye kompyuta wakaita redio. Inahitaji watu wazima wenye hela kidogo na moyo mkubwa waingie. Nawaomba waliomo kwenye muziki na wameshafanikiwa walifikirie hili kwa dhati. Kila mwezi zinatoka biti mitaani kwetu zinasikika kwenye vigodoro, halafu zinafutika simu ikiibiwa. Redio inayohifadhi vipindi na kuandika majina ingezikinga.

Kuhusu kulipa: si lazima. Wanaochangia kila mwezi wanapata nyongeza, mojawapo ni kuona jina la wimbo papo hapo wakati kipindi kinaendelea hewani. Malipo yanapita kwenye kadi, na siku hizi unaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni kwenye huduma ya pesa ya simu yako. Kwa mwanafunzi au mtu anayebangaiza ningesema usichangie, hela hiyo weka kwenye bando, utasikia yale yale. Mimi nachangia msimu wa sare, kazi inapokuwa nyingi, na nasitisha miezi ya ukame. Naona ni haki, kwa sababu mikesha yangu mingi ya Januari ingekuwa mirefu mno bila wao.

Kwa mtu wa singeli anayetaka kuanza, nenda kwenye tovuti au programu, tafuta Nyege Nyege, chagua kipindi chochote na fungua orodha ya nyimbo pembeni huku ukisikiliza. Ukipata jina usilolijua likakupendeza, liandike, kisha litafute kivyake. Mara nyingi utakuta msanii huyo yumo kwenye vipindi vya watangazaji wengine, na hao watakupeleka kwingine. Baada ya hapo nenda kwenye jungle, halafu footwork ya Chicago, ambayo nayo inakimbia mapigo 160 na miguu ya wachezaji wake itakukumbusha kigodoro. Tekno iache ya mwisho, inataka subira. Na kama unakaa Temeke, bando limekuishia na unataka kuonja kwanza, pita dukani jioni kuanzia saa kumi na mbili. Inakuwa inalia.